SIKU SABA NDANI YA MELI YA MATAJIRI: Mama mdogo aifuata Penang ya marehemu

Kijiweni kwetu Kurasini ukitamka neno 'meli', hakuna anayefikiria makontena. Watu wanafikiria 'kuzamia'. Kila mtaa wa jirani na bandari una hadithi yake ya mshikaji aliyejificha kwenye stoo ya minyororo ya nanga, akala biskuti na maji ya chupa siku kadhaa, akaibukia Durban. Wapo waliotuma picha wamevaa makoti mazito. Wapo ambao mpaka leo mama zao wanaulizia kwa kila baharia anayepita.

Leo, mpenzi msomaji, nakuletea ya upande wa pili. Meli nimeipanda kwa ngazi ya mbele, mchana kweupe, tiketi mkononi, na mlangoni nimepokewa kwa tabasamu. Tena si meli ya mizigo. Ni yale majumba yanayoelea, yenye mabwawa ya kuogelea, ukumbi wa maonyesho, saluni, kasino na chakula kisichokwisha. Nimetoka nayo Singapore, nikapita Penang, Langkawi na Phuket, nikarudi Singapore. Usiku sita, siku saba.

Kabla hujaja kunikopa, ngoja nikuambie ukweli: mshiko haukuwa wangu. Aliyelipa ni dada yangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye ni muuguzi kule Muscat, Oman. Alidunduliza miaka, akampigia mama yake simu Tanga: "Mama, chagua unakotaka kwenda nikupeleke." Hija mama mdogo alishakwenda. Sote tulidhani atasema Dubai akanunue vitenge. Akajibu neno moja tu: "Penang."

Ukoo mzima ukaduwaa. Penang ndiyo wapi?

Aliyejua ni yeye na marehemu. Baba mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa baharia wa meli za mizigo miaka ya 1970 na 1980. Akiondoka ni miezi minane, tisa. Akirudi, anarudi na chupa ya chai yenye maua, vikoi vya ajabu ajabu, na mdomo umejaa Penang. Penang hivi, Penang vile. Wambea wa Ngamiani wakafanya hesabu zao: "Huyo ana mke Penang." Mama mdogo hakuwahi kumuuliza. Mzee akafariki, swali likabaki.

"Sitaki ghorofa wala dhahabu," alimwambia binti yake. "Nataka nikaone hiyo Penang ina nini."

Dada hakupata likizo, na mama mdogo hawezi kwenda peke yake. Ukoo ukatafuta mtu mwenye Kiingereza cha kidato cha nne na asiye na bosi wa kumuomba ruhusa. Bila kupiga kura, nikapita.

MAMA LISHE WA SINGAPORE

Kwa faida ya wenye ndoto: kwa safari yetu Singapore na Malaysia hazikututaka viza. Thailand iliitaka, tukaishughulikia mapema. Fomu ya kuingilia Singapore inajazwa kwenye intaneti ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na ni bure. Ukikuta tovuti inakutoza hela, ujue unaliwa.

Jiji lenyewe ni kisiwa, safi mpaka unaona aibu kukohoa. Bigijii imepigwa marufuku kuingizwa na kuuzwa tangu mwaka 1992. Mama mdogo alikuwa nazo pakiti mbili mkobani, akaziacha Dar huku akilalamika kwamba hiyo si nchi, ni nyumba ya mkwe.

Kilichonikuna mimi si maghorofa. Ni chakula. Ukitaka kula kwa bei ya mtu wa kawaida unakwenda kwenye masoko ya chakula, banda kubwa lenye paa, ndani yake wamepangana mama lishe na baba lishe kwa makumi. Wachina, Wamalay, Wahindi, kila mtu na sufuria lake. Zamani hawa walikuwa wachuuzi wa barabarani kama wa kwetu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliwaandikisha, ikawajengea mabanda yenye maji na mifereji ya kupitisha uchafu, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 ikawa imewahamisha. Mwaka 2020 UNESCO ikautambua utamaduni huo kuwa urithi wa kiutamaduni usioshikika wa wanadamu. Nilikumbuka mwaka 2021 wamachinga walivyoondolewa kando ya barabara za Dar, wengine bila kujua pa kuelekea. Kuhamisha watu kila mji unaweza. Kasheshe ni pale wanapofika wakakuta hakuna bomba wala wateja.

BAHARI INAUZWA KWA GHOROFA

Haya, twende melini. Bandarini unapewa kadi moja ya plastiki. Hiyo ndiyo ufunguo wa chumba, kitambulisho na pochi yako. Pesa taslimu hazitumiki. Ukitaka soda unaonyesha kadi, ukitaka picha unaonyesha kadi, na siku ya mwisho bili inakusubiri mlangoni kama mgambo. Humo kuna bahashishi ya wafanyakazi, dola zaidi ya kumi kwa kila kichwa kwa kila siku, inakatwa yenyewe upende usipende.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba kwenye meli hizi bahari inauzwa kwa ghorofa. Wenye nazo wako juu, vyumba vyenye baraza, wanakunywa chai miguu ikitazama maji. Wanaofuata wana dirisha la duara. Mwisho kabisa ndiyo sisi, chumba cha katikati ya meli, ukuta mbele, ukuta nyuma. Ndani kuna televisheni, na chaneli mojawapo inaonyesha bahari moja kwa moja kutoka kamera ya mbele ya meli.

Mama mdogo alikaa kitandani akaitazama dakika nzima. "Yaani mwanangu, tumevuka bahari yote hii kuja kuangalia bahari kwenye TV?"

Kabla ya kuondoka lilifanyika zoezi la hatari. Milio saba mifupi, mmoja mrefu, kila abiria anatakiwa aende kwenye kituo chake na aelekezwe namna ya kuvaa jaketi la kuokolea. Vijana wengi walikuwa wanajipiga picha. Lakini zoezi hilo lina historia. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba kisiwani Giglio, Italia, walikufa watu 32, na mamia ya abiria waliopanda siku ile walikuwa bado hawajaonyeshwa chochote. Baada ya hapo sheria ikabadilishwa, zoezi sasa ni kabla ya kung'oa nanga au mara tu baada ya kuondoka.

Mama mdogo hakucheka hata kidogo. Alifunga kamba za jaketi lile kama anamfunga mtoto mgongoni. Mtu wa Tanga, MV Bukoba ya 1996 anaikumbuka, Spice Islander ya 2011 anaikumbuka, zote zilipakia watu kupita kiasi. Akaniuliza, "Hapa majaketi yanatosha watu wote?" Nikamwambia yanatosha. Akasema, "Basi utajiri ndiyo huu. Hayo mabwawa ni mapambo."

Jioni tukaingia Mlango Bahari wa Malacca. Kulia na kushoto taa za meli za mizigo, moja nyuma ya nyingine, kama malori ya Chalinze usiku. Ndiyo njia kuu ya majini kati ya Bahari ya Hindi na nchi za mashariki ya mbali. Juu yetu muziki ukaanza, na tulipofika mbali na nchi kavu kasino ikafunguliwa, maana bandarini hairuhusiwi.

KIJANA WA MOMBASA

Siku ya pili, wakati wa chakula cha usiku, mama mdogo alikuwa anauliza kwa ishara kama nyama ni halali. Mhudumu akainama, akasema polepole, "Shikamoo mama. Mwatoka wapi?"

Mama mdogo nusura aangushe kijiko. "Marahaba mwanangu! Tanga."

"Tanga! Si majirani basi, hapo Horohoro tu." Wahudumu wote kifuani wana kibao chenye jina na nchi. Chake kiliandikwa Kenya. Mtoto wa Mombasa, mwaka wake wa tatu kwenye meli. Tangu usiku ule mezani petu hapakukosekana samaki, wala mtu wa kutunong'oneza kipi tule na kipi tukiache.

Jina lake nalihifadhi, maana aliyonisimulia hakunisimulia kama mhudumu. Mkataba wake ni wa miezi minane. Katika miezi hiyo hakuna Jumapili wala Idi, kila siku ni kazi, asubuhi, mchana, usiku. Analala ghorofa za chini kabisa, chumba kimoja na Mfilipino, kitanda juu ya kitanda. "Samaki wapita juu ya kichwa changu," alisema akicheka. Penang amefika mara nyingi sana. Kushuka ameshuka mara tatu, saa moja moja, kununua sabuni na kupiga simu nyumbani.

Sasa usimwonee huruma upesi. Kwa hela hiyo amemjengea mama yake nyumba na anasomesha wadogo zake wawili. Aliniambia wazi, "Kazi ngumu, lakini yalipa. Kibaya ni kuwa huko nyuma watu waishi bila wewe."

Mama mdogo alisikia. Hakusema kitu. Akaendelea kuchambua miba ya samaki.

PENANG

Asubuhi ya siku ya tatu tukatia gati. Gati lenyewe liko mjini kabisa, unashuka ngazi, unavuka barabara, umeshaingia George Town. Mama mdogo alikuwa macho tangu alfajiri, kavaa dera jipya na mtandio wa kanga, anuka udi. Utasema anakwenda kutoa posa.

Mji ule Waingereza waliuanzisha mwaka 1786, wakati Francis Light wa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki alipokichukua kisiwa. Mwaka 2008 uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia, miaka minane baada ya Mji Mkongwe wetu wa Zanzibar. Na wallahi ukifumba jicho moja utadhani uko Darajani. Nyumba zimebanana, chini duka, juu makazi, na mbele kuna baraza lenye paa linaloungana kutoka nyumba hadi nyumba, unatembea mtaa mzima bila kuchomwa jua. Kwenye barabara moja tu tulipita kanisa la Waanglikana, hekalu la Wachina linalofuka ubani, hekalu la Wahindu lenye masanamu ya rangi zote, na mwisho msikiti wa Kapitan Keling, ulioanzishwa na Waislamu wa kutoka India mwanzoni mwa miaka ya 1800. Hakuna aliyemgombeza mwenzake.

Sokoni nikaishiwa mbavu. Shokishoki zimejaa matenga. Doriani zinanuka kuanzia kona ya pili. Mafenesi, nanasi, karafuu, kungumanga. Mimi nilidhani shokishoki ni tunda la Unguja, kumbe huku ndiko kwao. Karafuu nayo asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, na Unguja ililetwa mwanzoni mwa karne ya 19. Baadaye mambo yakageuka, Waindonesia wakawa wanakuja kununua karafuu Zanzibar, wanazisaga na kuzitia kwenye sigara zao.

Na lugha! Mwenye duka alitusalimu, "Apa khabar?" Mama mdogo akajibu, "Nzuri!" bila kusubiri mkalimani. Tukaanza mchezo. Meza wao wanaita meja. Bendera ni bendera. Nanasi ni nanas, sabuni ni sabun, karatasi ni kertas, dunia ni dunia. Mengine ni ya Waarabu waliofanya biashara pande zote mbili. Meza na bendera ni za Wareno, ambao waliiteka Malacca mwaka 1511, na mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa. Wakoloni walikuja wakaenda, meza zikabaki.

Sasa sikiliza hili, ndiyo sababu ya makala yote.

Kona moja karibu na gati kulikuwa na mama mtu mzima, kajifunga ushungi, mbele yake meza yenye vifurushi vya majani ya mgomba, vimepangwa kama mahindi ya kuchoma. Wapagazi na madereva wa teksi wanachukua, wanalipa ringiti chache, wanakula wamesimama. Mama mdogo akataka kujua ni nini. Tukafungua kimoja.

Ulikuwa wali wa nazi. Pembeni dagaa wa kukaanga, karanga, kipande cha yai, tango, na pilipili ya kusaga nyekundu. Wao wanaita nasi lemak, na ndicho chakula chao cha asubuhi.

Mama mdogo akaonja. Akatafuna taratibu. Halafu akaketi kwenye ukingo wa barabara, na dera lake jipya, akaanza kucheka. Akacheka mpaka machozi yakatoka, halafu yakabaki machozi peke yake.

Nilimwacha. Baadaye ndiyo akanieleza. Kumbe marehemu, kila akirudi, alikuwa anasimulia kwamba Penang watu wanafungua kinywa kwa wali wa nazi na dagaa, juu ya jani la mgomba. Yeye alikuwa anaitikia tu, moyoni anajiuliza: mwanamume wa melini, ametoka kupakua magunia, wali wa nazi asubuhi ameupata wapi? Nazi lazima ikunwe. Nazi lazima ichujwe. Nani aliyeamka alfajiri kumkunia? Wambea waliposema ana mke Penang, yeye ushahidi tayari alikuwa nao, ni wali.

"Kumbe unauzwa barabarani," alisema. "Bandarini hapa hapa. Miaka yote ile nimemnunia mtu kwa ajili ya wali wa kununua."

Mpenzi msomaji, mimi si hakimu. Kifurushi cha wali hakithibitishi kwamba marehemu alikuwa malaika, na wambea wa Ngamiani nawajua, watapata jibu. Lakini mama mdogo alinunua kifurushi cha pili, akakila chote, akalamba na jani. Tukaenda pale Kapitan Keling, akaswali adhuhuri upande wa wanawake, akatia sadaka kwenye sanduku kwa jina la mumewe. Alipotoka alikuwa anatembea kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Tulipopita kwenye nyumba za Wachina zilizojengwa juu ya nguzo baharini, koo moja gati moja, akawa ndiye anayenisimulia mimi: "Baba yako mdogo alisema hapa chini ya sakafu ni maji matupu. Ona, maji."

LANGKAWI NA PHUKET

Siku ya nne Langkawi. Ni kisiwa cha milima ya mawe na misitu inayoshuka mpaka baharini, na tangu 1987 bidhaa nyingi hazitozwi ushuru. Abiria wenzetu walikimbilia chokoleti na manukato. Sisi mwongoza watalii alitupeleka kwenye kaburi la Mahsuri.

Hadithi yao inasema Mahsuri alikuwa mwanamke mzuri, mumewe akaenda vitani, huku nyuma akasingiziwa kwamba ana mwanamume mwingine. Hakusikilizwa. Akauawa, na damu iliyomtoka ikawa nyeupe. Kabla hajakata roho akakilaani kisiwa vizazi saba. Wazao wake, wanasema, wako upande wa Phuket. Mama mdogo aliposikia tafsiri yangu akavuta mtandio, akasoma dua, akauliza swali moja: "Na huyo mume aliporudi, aliambiwa nini?" Mwongoza watalii hakuwa na jibu.

Siku ya tano Phuket, Thailand. Meli ilitia nanga nje ya ghuba ya Patong, tukashushwa kwa boti ndogo. Ukitaka mnuso, hapo ndipo pake: muziki, taa, baa mlango kwa mlango, vijana wa Kizungu wamechomwa na jua wamekuwa kama kamba waliopikwa. Mchanga mweupe, maji ya kijani, mitumbwi yenye pua ndefu iliyofungwa vitambaa vya rangi.

Lakini angalia nguzoni. Kuna vibao vya bluu vyenye picha ya wimbi na mtu anayekimbia, na mshale unaoonyesha upande wa milimani. Tarehe 26 Desemba 2004, asubuhi baada ya Krismasi, tetemeko chini ya bahari karibu na Sumatra liliinua tsunami. Patong ilikuwa mojawapo ya fukwe zilizopigwa. Thailand peke yake walikufa zaidi ya watu 5,000, na nchi zote kwa pamoja zaidi ya laki mbili. Maji yale yale yalivuka Bahari ya Hindi yakaua watu Somalia, na hata pwani ya Dar tulipoteza watu waliokuwa wakiogelea. Ni bahari moja hii. Sisi tunaita Coco Beach, wao wanaita Patong.

Kama uko ufukweni na ukaona maji yamerudi nyuma ghafla mpaka samaki wanagaragara mchangani, usiende kuokota kitoweo. Kimbia kwenye mwinuko.

KWA WASHIKAJI WA KIJIWENI

Usiku wa mwisho baharini, kijana wa Mombasa alikuja kutuaga baada ya kumaliza zamu yake. Nikamuuliza lile ambalo najua mngeniuliza nyie: mtu anaingiaje kwenye kazi hii?

Akanieleza. Alisomea hoteli. Akafanya kozi ya usalama baharini, yaani kujiokoa majini, kuzima moto na huduma ya kwanza. Akapimwa afya, akapata kitabu cha baharia, akafanya usaili. Wakala aliyempeleka hakumtoza hata senti kwa ajili ya kumpa kazi.

Hapo nikakaa wima. Mshikaji wetu mmoja wa kijiweni ametakiwa na dalali mmoja hapa mjini milioni mbili ili 'aingizwe kwenye listi' ya kazi za meli. Ameshauza pikipiki. Sikilizeni basi. Upo mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia, wa mwaka 2006, ulioanza kutumika 2013. Unasema wakala haruhusiwi kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Wewe unaweza kulipia cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti yako. Viza ni ya mwajiri. Mkataba huo huo unataka mtu apumzike angalau saa 10 katika kila saa 24, au asifanye kazi zaidi ya saa 14. Kozi za usalama hazihitaji kwenda majuu, zinafundishwa hapa hapa, Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI. Anayekwambia umpe milioni ili akupe kazi anakuzamisha nchi kavu.

Nilidhani mazungumzo yameisha. Mama mdogo akamshika kijana mkono.

"Una mke?"

"Ninaye, mama. Tuna mtoto mmoja."

"Ukimpigia unamwambia nini?"

Kijana akacheka. "Namwambia niko salama, hela nimetuma."

"Haitoshi," mama mdogo akasema. "Mwambie unalala wapi na nani. Mwambie asubuhi umekula nini, na nani kapika. Hata kama ni upuuzi, mwambie. Mpigie picha hiyo sahani. Mwanamke aliyeachwa na maswali hujipikia majibu mwenyewe, na huyala miaka thelathini."

Kijana hakucheka tena. Alisema, "Nimesikia, mama," akambusu mkono, akateremka ngazi zinazokwenda kule chini ambako sisi abiria haturuhusiwi.

Kwa hiyo washikaji, mkiniuliza kama meli inalipa, nitawajibu inalipa. Mkiniuliza kama ni tamu, itategemea uko ghorofa gani. Mwenye nia afuate ngazi ya mbele, na makaratasi yake kamili. Na kabla hajaondoka akae na mama yake, au mkewe, waelewane namna ya kuongea. Minyororo ya nanga waachieni nanga.

Mama mdogo yuko Tanga, mzima wa afya. Siku hizi asubuhi anapika wali wa nazi na dagaa wa kukaanga, anaufunga kwenye jani la mgomba. Jirani mmoja aliuliza mapishi hayo ameyatoa wapi. Akamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya nne, "Kwa mume wangu."

Tuonane juma lijalo, panapo majaliwa.